Pumzi Inapomkatikia Mgonjwa wa Moyo: Mwongozo wa Kutambua Chanzo na Kuchukua Hatua

Kuishiwa pumzi ni miongoni mwa dalili zinazowaleta wagonjwa wengi wa moyo hospitalini, na pia ni dalili inayozoeleka upesi, kwa kuwa aghalabu haiji kwa siku moja bali hujongea kidogo kidogo, mpaka mtu akaacha kupanda ngazi, akaacha kwenda sokoni kwa miguu, akaacha kuinama kufunga kamba za viatu, na watu wa nyumbani wakasema ni uzee au ni unene. Mwongozo huu umekusudiwa mtu ambaye tayari ameambiwa ana ugonjwa wa moyo, pamoja na jamaa wanaomtunza, na msingi wake ni kwamba pumzi inayokatika ina chanzo, kwamba chanzo hicho mara nyingi huanza kujulikana kwa kuuliza pumzi hukatika saa ngapi, katika mkao gani na kwa kasi gani, na kwamba si kila mara chanzo huwa ni moyo wenyewe. Mgonjwa anayeweza kuyajibu maswali hayo matatu humsaidia tabibu kuliko yule anayesema tu kwamba kifua kinambana.

Namna moyo unavyoibana pumzi

Moyo wa binadamu una vyumba vinne, viwili vya juu vinavyopokea damu na viwili vya chini vinavyoisukuma. Upande wa kulia hupokea damu iliyokwisha kutumika mwilini na kuipeleka mapafuni, na upande wa kushoto hupokea damu iliyopata oksijeni kutoka mapafuni na kuisukuma mwilini kote kupitia aota, yaani mshipa mkuu wa damu. Pande hizi mbili hazina budi kwenda sawa, ili damu inayoingia mapafuni iwe sawa na inayotoka. Upande wa kushoto unapolemewa, damu hurudi nyuma kama maji ya mtaro uliozibwa mbele, na shinikizo hupanda kwanza katika chumba cha juu cha kushoto, kisha katika mishipa inayotoka mapafuni, na mwishowe katika kapilari, yaani vijishipa vyembamba mno vinavyozunguka vifuko vya hewa. Kwa kawaida shinikizo katika kapilari hizo halizidi milimita 12 za zebaki au karibu na hapo. Likipanda kwa ghafla hadi kufikia 25, maji huanza kuvuja kutoka katika damu.

Maji hayo hayaingii mara moja ndani ya vifuko vya hewa. Kwanza hutuama katika nafasi finyu iliyo kati ya kapilari na vifuko, na hapo huyafanya mapafu yawe mazito na magumu kutanuka, na huzichochea neva zinazouarifu ubongo kwamba kasi ya kupumua iongezwe. Baadaye tu, shinikizo likizidi, ndipo maji humwagika ndani ya vifuko vyenyewe na kuizuia oksijeni kupita. Mpangilio huu una maana kubwa kwa mtu anayemtunza mgonjwa, kwani unaeleza kwa nini mgonjwa anaweza kuwa anatweta ilhali kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni bado kinaonyesha kiwango kizuri: uzito wa mapafu hutangulia upungufu wa oksijeni, na namba nzuri kwenye kipimo hicho si sababu ya kutosha ya kumrudisha nyumbani mtu ambaye hawezi kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi.

Iko njia ya pili, ambayo husahauliwa mara nyingi. Moyo usiosukuma damu ya kutosha huiacha misuli ya miguu na misuli ya kupumulia ikipungukiwa oksijeni kwa miezi na miaka, na misuli hiyo hukonda, huchoka mapema na huzalisha asidi kwa kazi ndogo, nao ubongo hujibu kwa kuongeza pumzi. Ndiyo maana mgonjwa aliyekwisha kuondolewa maji mapafuni, ambaye miguu yake haijavimba tena na picha yake ya kifua ni safi, bado anaweza kuhema akitembea kutoka chumbani hadi uani. Kumwongezea mtu kama huyo dawa ya kupunguza maji hakumsaidii, na kunaweza kumkausha mwili na kumuumiza figo; kinachomfaa, daktari akiisha kuridhika kwamba hali imetulia, ni kutembea kila siku kwa mwendo unaomruhusu kuzungumza, na kuongeza umbali polepole wiki hadi wiki.

Mkao, saa na kasi

Madaktari wa moyo hutumia daraja nne kueleza ukubwa wa tatizo, daraja zilizopendekezwa mwaka 1928 na chama cha wataalamu wa moyo cha New York na zinazotumika duniani kote hadi leo. Katika daraja la kwanza mgonjwa hufanya kazi zake za kawaida bila kuhema. Katika la pili huhema kwa kazi za kawaida, kama vile kupanda ngazi au kubeba ndoo ya maji. Katika la tatu huhema kwa kazi ndogo kuliko hizo, kama kuoga au kuvaa. Na katika la nne pumzi humkatikia hata akiwa ameketi. Ni vyema mgonjwa ajue yuko daraja gani siku za kawaida, kwa sababu kinachopaswa kumshtua ni kuteremka kutoka hali aliyoizoea: mtu aliyekuwa akipanda ngazi za ghorofa mbili, na wiki hii anasimama katikati ya ghorofa ya kwanza, amebadilika, hata kama jirani yake ana hali mbaya zaidi.

Mkao hueleza mengi. Mtu anapolala chali, damu na maji yaliyokuwa yametuama miguuni na tumboni kwa kuvutwa na uzito hurudi kifuani, na moyo dhaifu hushindwa kuipokea ziada hiyo. Pumzi hubana ndani ya dakika chache, na mgonjwa hupata nafuu akiinuka. Wengi hawamwelezi daktari jambo hili kwa sababu wamekwisha kulitafutia dawa yao wenyewe, ambayo ni kuongeza mito, na kwa hiyo swali linalofaa ni mgonjwa hulala kwa mito mingapi, na mwezi uliopita alilalia mingapi. Anayelala ameketi kwenye kiti hana haja ya kuulizwa zaidi.

Hali inayofanana na hiyo, lakini yenye uzito zaidi, ni ile ya kushtuka usingizini saa moja au mbili, wakati mwingine zaidi, baada ya kulala, mtu akiwa anakabwa, akikimbilia dirishani au nje kutafuta hewa, na akikohoa au kupiga mluzi kifuani, kisha akatulia baada ya nusu saa hivi ya kuketi. Hapa ndipo makosa mengi hutokea, maana mluzi huo husikika kama wa pumu, na mgonjwa akapewa dawa ya kuvuta ya pumu miezi mingi bila mtu kuusikiliza moyo wake. Pumu inayoanza kwa mara ya kwanza kwa mtu mwenye umri wa miaka 50 au zaidi na ambaye ana presha yapasa kutiliwa shaka mpaka moyo upimwe. Ishara nyingine ni kubanwa pumzi mtu anapoinama mbele, kwa mfano anapofunga kiatu au anapofua kwa kuinama. Pumzi ikikatika ndani ya nusu dakika ya kuinama, mara nyingi shinikizo ndani ya moyo limepanda.

Kasi nayo ina maana yake. Pumzi iliyopungua kwa wiki kadhaa, sambamba na miguu kuvimba na uzito kuongezeka, huelekeza kwenye maji yanayojikusanya. Pumzi iliyokatika ndani ya dakika chache huelekeza kwenye tukio la ghafla: mapigo yaliyovurugika, mshipa wa moyo ulioziba, presha iliyopanda mno, vali (mlango wa damu ndani ya moyo) iliyochanika, au donge la damu lililosafiri hadi mapafuni. Katika hali zote hizo za ghafla hakuna la kusubiri hadi asubuhi.

Magonjwa ya moyo yaliyo nyuma ya dalili

Utafiti uliochapishwa mwaka 2012, uliowafuatilia wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa moyo kushindwa kazi katika nchi 9 za Afrika kusini mwa Sahara, zikiwemo Kenya na Uganda, uliwakuta na wastani wa umri wa miaka 52 tu, na chanzo kilichoongoza kilikuwa shinikizo la juu la damu, lililochangia karibu asilimia 45 ya wagonjwa. Katika Ulaya na Amerika Kaskazini wagonjwa wa namna hii kwa kawaida wamepita miaka 70, na kwa wengi wao chanzo ni mishipa ya moyo iliyoziba. Tofauti hiyo inastahili kusisitizwa, kwa maana mgonjwa wa Afrika Mashariki anayetweta mara nyingi bado ni mtu wa kazi, mwenye watoto shuleni, na ugonjwa uliomfikisha hapo ungeweza kuonekana miaka mingi kabla kwa kipimo cha presha.

Shinikizo la juu la damu huuharibu moyo kwa njia mbili. Kwanza hukilazimisha chumba cha chini cha kushoto kufanya kazi ngumu, na misuli yake huwa minene na migumu kama ya mbeba mizigo, ikawa inasukuma vizuri lakini hailegei vya kutosha kupokea damu. Mgonjwa wa namna hii huambiwa baada ya kipimo kwamba moyo wake unasukuma vyema, naye bado anahema, na maelezo hayo mawili hayapingani hata kidogo. Baada ya miaka, usipotibiwa, moyo huo hutanuka na kulegea, na sasa hata kusukuma hauwezi.

Ugonjwa wa vali unaotokana na homa ya rumatiki unahitaji kuzungumzwa kwa kina zaidi, kwa sababu huwapata vijana na kwa sababu hujificha. Mtoto hupata maambukizi ya koo yanayosababishwa na bakteria aina ya streptokoka. Wiki chache baadaye kinga ya mwili wake huushambulia moyo pamoja na viungo. Kisha miaka hupita bila dalili huku vali iliyo kati ya chumba cha juu na cha chini cha kushoto ikikakamaa na kusinyaa. Mlango wa vali hiyo kwa mtu mzima mwenye afya una eneo la sentimita 4 hadi 6 za mraba. Ukibaki na sentimita 1.5 au chini ya hapo, ugonjwa huhesabiwa kuwa mkali. Damu ikihitaji kupita haraka kwenye mlango mwembamba namna hiyo, kama wakati wa kukimbia, wa homa au wa mapigo kwenda mbio, shinikizo hurudi mapafuni papo hapo.

Mimba ndiyo mtihani mkubwa wa vali hiyo. Kiasi cha damu mwilini mwa mjamzito huongezeka kwa asilimia 40 hadi 50, na mapigo yake huongezeka pia, kwa hiyo msichana ambaye hakuwahi kujua kwamba ni mgonjwa huanza kuhema katika miezi ya kati ya ujauzito, naye huambiwa kwamba wajawazito wote huhema. Ni kweli kwamba wengi huhema kidogo. Si kweli kwamba mjamzito wa kawaida hushindwa kulala chali kwa kukabwa, huamka usiku akitafuta hewa, au hukohoa makohozi yenye damu. Hatari haimaliziki kwa kujifungua, bali huzidi katika saa zinazofuata, kwani mji wa mimba unapojikaza huirudisha damu nyingi kwenye mzunguko kwa mara moja, na mama aliyejifungua salama anaweza kujaa maji mapafuni akiwa tayari amepongezwa. Mwanamke aliyewahi kuambiwa ana tatizo la vali anapaswa kumweleza mkunga siku ya kwanza ya kliniki, na ajifungulie katika hospitali yenye daktari na oksijeni.

Upo pia ugonjwa wa misuli ya moyo unaojitokeza kati ya mwezi wa mwisho wa ujauzito na mwezi wa tano baada ya kujifungua, kwa mwanamke ambaye moyo wake haukuwa na kasoro inayojulikana. Moyo hulegea na kutanuka, miguu huvimba, pumzi hukatika, na kwa kuwa mama huyo halali kwa ajili ya mtoto, uchovu wake huonekana kuwa wa kawaida. Wengi wao hupona moyo ukitibiwa mapema, lakini mimba inayofuata inaweza kuurudisha ugonjwa kwa nguvu zaidi, na ushauri wa uzazi wa mpango kwa mama kama huyo ni sehemu ya tiba.

Magonjwa mengine yaweza kutajwa kwa ufupi. Kifua kikuu kinaweza kuingia kwenye utando unaouzunguka moyo na kujaza maji yanayoubana kutoka nje, na katika hali hiyo dawa ya kupunguza maji haitibu, bali inaweza kuishusha presha vibaya; kinachohitajika ni maji kuvutwa kwa sindano na kifua kikuu kutibiwa. Ugonjwa wa kovu la ukuta wa ndani wa moyo, ambao daktari J. N. P. Davies aliueleza mjini Kampala mwaka 1948, bado huonekana Uganda na kwenye pwani ya Msumbiji, na huuacha moyo ukishindwa kutanuka. Mapigo yaliyovurugika ya vyumba vya juu, ambamo moyo hupiga bila mpangilio, hukipunguzia chumba cha chini karibu sehemu moja kwa tano ya damu yake na kuufupisha muda wa kujaa, na kwa mtu mwenye vali nyembamba upungufu huo hutosha kumjaza maji usiku mmoja. Kuziba kwa mishipa ya moyo, mwisho, kunaweza kuja bila maumivu yoyote ya kifua, hasa kwa wenye kisukari, kwa wazee na kwa wanawake. Kwao pumzi ndiyo huwa maumivu.

Kinachoharibu hali iliyokuwa imetulia

Mgonjwa ambaye alikuwa ametulia kwa miezi na sasa anahema tena kwa kawaida ana sababu mpya, na sababu hiyo itafutwe hata kama ugonjwa wa zamani unajulikana. Ya kwanza kuulizwa ni dawa, na iulizwe bila ukali, kwa maana watu huacha dawa kwa sababu zinazoeleweka: fedha zimekwisha, au wamejisikia wamepona, au wana safari ya basi ya siku nzima na dawa ya maji itawasumbua njiani. Anayesafiri anaweza kushauriana na daktari aimeze akifika badala ya kuiacha kabisa. Vivyo hivyo anayekusudia kufunga Ramadhani amwone daktari kabla ya mwezi kuandama, ili iamuliwe kama moyo wake unaruhusu na, ukiruhusu, dawa zigawanywe kati ya futari na daku.

Ya pili ni chumvi. Shirika la Afya Duniani hupendekeza mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kidogo kimoja, na hesabu hiyo hujumlisha chumvi yote, si ile ya mezani peke yake. Papa mkavu na ng'onda, dagaa waliotiwa chumvi, vipande vya kuungia mchuzi, soseji, achari na chipsi za barabarani zaweza kuijaza hesabu ya siku kwa mlo mmoja. Linalojulikana na wachache ni magadi, ambayo hutiwa kwenye maharage, makande au mboga za majani ili yalainike upesi: hayo nayo ni sodiamu, madini yale yale yaliyomo kwenye chumvi ya mezani, na mtu aliyeacha chumvi lakini anakula maharage ya magadi kila siku hajaiacha sodiamu. Vidonge vya kuyeyusha vinavyotoa povu majini navyo vingi vina sodiamu ya kutosha kudhuru.

Ya tatu, na pengine ndiyo inayoumiza zaidi kwa sababu ingeepukika, ni dawa za maumivu. Diklofenaki, ibuprofeni na jamaa zake, zinazouzwa katika kila duka la dawa bila cheti, huzifanya figo zizuie chumvi na maji na huidhoofisha nguvu ya dawa ya kupunguza maji. Siku chache tu za kutibu goti zaweza kumrudisha mgonjwa wodini. Parasetamoli ya kumeza kama kidonge cha kawaida ni salama zaidi kwa moyo. Prednisoloni huzuia maji vile vile, na dawa ya kisukari iitwayo pioglitazoni haifai kwa mtu ambaye moyo wake umeshindwa kazi.

Zipo pia dawa za moyo ambazo zenyewe huathiri kifua, na mgonjwa hapaswi kuziacha kwa uamuzi wake. Enalaprili, kaptoprili na lisinoprili huleta kikohozi kikavu kwa baadhi ya watu, na daktari anaweza kubadilisha akampa losatani. Lakini midomo, ulimi au koo vikivimba baada ya dawa hizi, jambo linalowapata watu wenye asili ya Afrika mara nyingi zaidi kuliko wengine, hiyo ni dharura, na dawa hiyo isimezwe tena maishani. Dawa za kupunguza mapigo kama karvediloli na atenololi zaweza kuibana njia ya hewa kwa mwenye pumu, na hali kadhalika matone ya macho ya timololi, ambayo wengi hawayahesabu kuwa dawa wanapoulizwa wanatumia nini.

Pumzi isiyotokana na moyo

Kuwa na ugonjwa wa moyo hakumkingi mtu na magonjwa mengine. Upungufu wa damu, uwe umetokana na minyoo, malaria, hedhi nzito au selimundu, huufanya moyo dhaifu uzunguke mbio kupeleka oksijeni ileile, na hata upungufu wa madini ya chuma peke yake, kabla wingi wa damu haujashuka, humzidishia mgonjwa wa moyo uchovu na kuhema. Nimonia huja na homa na makohozi mazito. Kifua kikuu cha mapafu huja na jasho la usiku na kukonda. Moshi wa kuni na wa mkaa uliovutwa jikoni kwa miongo mingi huharibu njia za hewa kama sigara. Figo zikishindwa, damu hujaa asidi na mgonjwa hupumua kwa kina na kwa kasi hata mapafu yakiwa makavu.

Donge la damu mapafuni lifikiriwe kila mara pumzi ikikatika ghafla kwa mtu aliyelala kitandani siku nyingi, aliyejifungua au kupasuliwa karibuni, au aliyekaa ndani ya basi kutwa, hasa mguu mmoja ukiwa umevimba na kuuma kuliko mwingine. Hofu nayo hubana pumzi, huku vidole na sehemu za kuzunguka mdomo zikifa ganzi, na mgonjwa wa moyo ana sababu za kuogopa. Lakini jina hilo lisitolewe mpaka mengine yote yameangaliwa, kwani kumwambia mtu anayezama kwamba ana wasiwasi ni kumtelekeza.

Nyumbani na njiani kuelekea hospitali

Chombo chenye manufaa makubwa kwa bei ndogo ni mizani. Mgonjwa ajipime kila asubuhi baada ya kwenda haja ndogo, kabla ya kula, akiwa na nguo nyepesi zilezile, na aandike namba kwenye daftari. Uzito ukiongezeka kwa zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, hayo ni maji wala si mafuta, na amwone daktari kabla pumzi haijakatika. Pumzi zihesabiwe kwa dakika nzima mgonjwa akiwa ametulia na bila kujua anahesabiwa. Mtu mzima hupumua mara 12 hadi 20, na akizidi 30 apelekwe hospitalini. Rangi ya buluu inayotokana na ukosefu wa oksijeni haionekani vizuri kwenye ngozi nyeusi, kwa hiyo itazamwe kwenye ulimi na ndani ya midomo.

Shambulio likitokea, mgonjwa aketishwe wima, miguu ikining'inia kando ya kitanda au kiti, ili damu ibaki miguuni, na dirisha lifunguliwe. Asilazwe, hata ndani ya gari, na hata kama anaonekana kuishiwa nguvu, maadamu yu macho. Asinyweshwe maji, uji wala maziwa, na asitembezwe hadi barabarani, bali abebwe akiwa juu ya kiti. Dawa ya kuvuta ya pumu isiazimwe kwa jirani, kwani huongeza mapigo ya moyo. Kidonge cha ziada cha dawa ya maji kimezwe tu ikiwa daktari alikwisha kumwelekeza hivyo. Makohozi yenye povu la rangi ya waridi, kushindwa kusema maneno machache mfululizo, kuchanganyikiwa, jasho la baridi au kuzimia ni dalili za kuondoka saa hiyo hiyo, usiku wowote.

Hospitalini mgonjwa huwekewa oksijeni kiwango chake kikishuka chini ya asilimia 90, huchomwa dawa ya maji kwenye mshipa, na hupimwa damu, umeme wa moyo na picha ya kifua. Kipimo kinachoamua mengi ni cha mawimbi ya sauti, kinachojulikana kama eko, ambacho huonyesha vali, unene wa misuli na nguvu ya kusukuma. Hupatikana katika vituo kama Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Uganda iliyoko Mulago, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi, na katika hospitali nyingi za rufaa. Mgonjwa aliyewahi kutibiwa kwa kuishiwa pumzi zaidi ya mara moja bila kufanyiwa eko ana haki ya kuuliza atafanyiwa lini. Aende na dawa zake zote ndani ya mfuko, zikiwemo za macho, za maumivu na za mitishamba, pamoja na daftari la uzito.

Pumzi isiyorudi

Wapo wagonjwa ambao moyo wao umefika mwisho wa uwezo wake, dawa zote zimetumika kwa kiwango kinachofaa, na upasuaji hauwezekani, nao bado wanahema. Hao hawajaacha kuwa wagonjwa wa kutibiwa. Feni ndogo au upepo unaoelekezwa mashavuni na puani hupunguza hisia ya kukosa hewa; kuketi huku mikono imeegemezwa juu ya meza au juu ya mito huzipa misuli ya kifua nafasi; kazi za kuoga na kuvaa zigawanywe kwa vituo. Mofini ya maji kwa dozi ndogo, ambayo Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1993, imesaidia kuieneza kwa ajili ya maumivu ya saratani, hutolewa pia kwa baadhi ya wagonjwa wa moyo wenye kuhema kusikotulia, chini ya uangalizi wa daktari, pamoja na dawa ya kuzuia choo kigumu. Dawa za moyo zisikatishwe kwa dhana kwamba hazina kazi tena, hasa dawa ya kupunguza maji, kwani kwa mgonjwa huyo nayo ni dawa ya pumzi, na ikisimamishwa maji hurudi mapafuni ndani ya siku chache.